Namna ya Kuwapanga Wapigaji Bora wa Besiboli

Anayetaka kuandaa orodha ya wapigaji bora wa besiboli, iwe kwa ajili ya baraza la Shangani mjini Mtwara au kundi la WhatsApp la vijana wa Lindi wanaokesha wakifuatilia ligi kuu ya Marekani, asianze na majina. Aanze kwa kukubaliana na wenzake kinachopimwa. Tunapanga wapigaji, si wachezaji kwa ujumla. Kwa hiyo umahiri wa Willie Mays wa kudaka mipira hauingii hapa, wala ushindi ambao Babe Ruth aliupata akiwa mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, wa timu ya Boston.

Hatua ya pili ni kuuweka wastani wa mapigo mahali pake. Wastani huo hupatikana kwa kugawanya mapigo yaliyofaulu, yaani yaliyomfikisha mpigaji kwenye kituo kimojawapo kati ya vinne vya uwanja, kwa idadi ya zamu, na unaficha mengi. Chukua karatasi uandike wapigaji wawili wa kubuni. Wa kwanza ana zamu 100 na mapigo 30, yote ya kituo kimoja. Wa pili ana zamu 100 na mapigo 27, yakiwemo 8 ya homurani, yaani pigo linalomzungusha mpigaji vituo vyote vinne, na mengine yote ya kituo kimoja. Na zaidi ya hizo zamu 100, mara 20 amepewa kituo cha bure kwa sababu mrushaji alikosa shabaha mara nne. Kwa wastani, wa kwanza anaongoza kwa 0.300 dhidi ya 0.270. Sasa hesabu ni mara ngapi kila mmoja alifika kituoni: wa kwanza anabaki 0.300, ilhali wa pili ana 47 kwa 120, sawa na 0.392. Ukihesabu vituo vilivyopatikana kwa kila zamu, wa kwanza bado ni 0.300, na wa pili ana vituo 51, yaani 0.510. Mkulima wa Tandahimba hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa anajua gunia la korosho ghafi lenye uzito wa kuridhisha linavyoweza kushushwa daraja kwa unyevu.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kumlinganisha kila mtu na watu wa zama zake. Ligi kuu ina pande mbili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani. Mwaka 1930 wastani wa wapigaji wote wa Ligi ya Taifa ulikuwa 0.303, ilhali mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza Ligi ya Marekani nzima kwa 0.301, kwa sababu warushaji walikuwa wametawala mchezo kiasi kwamba mwaka uliofuata tuta wanalosimama kurushia lilipunguzwa kimo kutoka inchi 15 hadi 10. Ni wazi kwamba 0.301 ya Yastrzemski ni kazi kubwa kuliko 0.303 ya mtu wa kawaida wa 1930. Kwa kipimo hiki Ruth anatisha: mwaka 1920 alipiga homurani 54, na aliyemfuata katika ligi yake, George Sisler, alikuwa na 19.

Urefu wa maisha ya mchezo nao una uzito wake, ingawa usizidishwe. Pete Rose ana mapigo 4,256, mengi kuliko mtu yeyote wa ligi kuu, lakini kwa maoni yangu hakaribii kumi bora. Hank Aaron ni habari nyingine, kwani homurani zake 755 zilitokana na nguvu iliyodumu zaidi ya miaka 20.

Kisha yapime mazingira ambayo takwimu haziyasemi. Ted Williams, aliyefika kituoni kwa uwiano wa 0.482, ambao ni wa juu kuliko wote katika ligi kuu, alipoteza misimu mitatu kamili kwa Vita Kuu ya Pili na sehemu kubwa ya mingine miwili kwa vita vya Korea. Josh Gibson alifungiwa mlango wa ligi kuu kwa rangi yake, akafariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyeufungua mlango huo, kuingia ligi kuu. Takwimu za ligi za watu weusi zilipounganishwa rasmi na za ligi kuu mwaka 2024, wastani wake wa 0.372 uliupita ule wa Ty Cobb wa 0.367, hata hivyo, misimu yake iliyoandikwa ilikuwa mifupi, na hilo lizingatiwe. Barry Bonds ana homurani 762, na mwaka 2004 alifika kituoni kwa 0.609, lakini tuhuma za dawa za kuongeza nguvu zinamfuata, na kila mwandaaji wa orodha ni lazima aseme waziwazi amezipa uzito gani.

Mimi ninampa Ruth nafasi ya kwanza, Williams ya pili, Gibson ya tatu na Bonds ya nne, kwa kuwa nimempunguzia nafasi moja kwa tuhuma hizo. Lou Gehrig ni wa tano. Sadaharu Oh, mwenye homurani 868 nchini Japani, mwandikie orodha yake, maana hakukutana na warushaji walewale.