Mende wa nyumba ya kupanga Kigoma: anza na jirani

Wewe uliyetoka nchi nyingine na kupanga chumba Mwanga au Ujiji, mende usipambane nao peke yako. Vyumba vingi vya kupanga vinachangia dari. Ukipuliza dawa kwako tu wanahamia chumba cha pili, wiki ijayo wamerudi. Na jirani anajua walikotoka.

Kwa hiyo jioni piga hodi, salimia kwanza (mtu mzima mpe shikamoo yake, habari za mende zingoje), ndipo useme: "Mama, Jumamosi nataka kupuliza dawa, tupulize nyumba nzima?" Mkichanga hata gharama inapungua. Rudieni baada ya wiki tatu hivi, maana dawa haipenyi vizuri kwenye kifuko cha mayai, kile kidude cha kahawia kama punje ya haragwe kinachojificha nyuma ya kabati. Ukikiona, kiponde.

Dawa nyingi za kupuliza ni sumu kali kwa samaki. Isifike karibu na dagaa walioanikwa uani, na maji ya kuoshea pampu usiyamwage mtaroni: mitaro yetu inateremka ziwani.

Siafu ni habari nyingine. Msafara ukiingia usiku, toa watoto kwanza, kisha kuku walio bandani, uwaachie siafu nyumba. Wanakula mende na kuondoka wenyewe. Majirani hawashangai kugongewa usiku kwa ajili ya siafu, we gonga tu.