Kabla hujapanda ndege ya Mogadishu, ikumbuke Esta yako

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa Columbus, Ohio, na mimi nikamwona kwenye simu, nimekaa jikoni kwangu Leicester, sanduku la nguo zake limesimama mlangoni. Tiketi nilikuwa nayo. Ruhusa ya kazini nilikuwa nayo. Nilichokosa ni Esta, kibali cha kuingia Marekani bila viza, na nilikikosa kwa sababu ya siku tatu nilizokaa Mogadishu mwaka 2023.

Habari hii nimeisimulia kwenye misiba na kwenye harusi mpaka nimechoka. Sasa naiandika. Namwandikia mwenzangu mwenye pasi ya Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, Sweden au Norway, ambaye bado ana jamaa upande wa kwetu na kila mwaka anaitwa kwa jambo. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania peke yake mtego huu haumhusu, maana yeye hajawahi kuruhusiwa kuingia Marekani bila viza.

Mama yangu ni mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, au Miini kama wanavyouita wenyewe. Mimi nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Vita vya 1991 viliwatawanya jamaa zake: wengine Mombasa, wengine London ya kaskazini, wengine Ohio. Nyumba ya babu ikabaki. Mwaka 2023 mjomba akapiga simu: mirathi inagawanywa, mama hana nguvu za kusafiri, mtoto wake mmoja lazima aje asaini. Aje Mogadishu tu, Barawa kwenyewe hapana, barabara ni mbaya. Mji wenyewe ulitolewa mikononi mwa Al-Shabaab Oktoba 2014, lakini barabara ya kuufikia ni hadithi nyingine.

Basi nikaenda kwa wakala wa tiketi, mtu wetu kabisa, anayejua kila njia. Akanipa ushauri niliouona wa hekima: ingia na pasi ya Kenya, ile ya Uingereza iache ndani ya mkoba, haitapigwa muhuri, itabaki safi. Nilimshukuru. Nilimletea na kaimati.

Nisome vizuri hapa. Pasi yangu ya Uingereza ilibaki safi kweli. Haina muhuri wa Somalia mpaka leo. Na haikunisaidia kitu.

Raia wa Uingereza na wa nchi nyingi za Ulaya huenda Marekani bila viza kwa kibali cha mtandaoni kinachoitwa Esta. Unajaza fomu, unalipa, na jibu hutoka ndani ya saa 72, mara nyingi dakika chache tu. Nilikuwa nayo tangu zamani. Nilipobadilisha pasi ikafa, kwa kuwa Esta hufungwa kwenye namba ya pasi. Siku nane kabla ya safari nikakaa kujaza mpya. Nikafika kwenye swali moja: je, umewahi kwenda au kuwepo Somalia, Iraki, Iran, Syria, Sudan, Libya, Yemen au Korea Kaskazini tangu tarehe 1 Machi 2011?

Hawaulizi pasi gani. Wanakuuliza wewe. Mwili wako ulikuwa wapi.

Nikampigia mpwa wangu, kijana msomi. Akacheka. "Khalati, tia hapana. Pasi yako haina kitu, watajuaje?" Nikakaa na simu mkononi. Kisha nikatia ndiyo, si kwa ucha Mungu, ila kwa woga. Siku ya pili jibu likaja: safari haikuidhinishwa.

Sheria hii ilitungwa Desemba 2015, mwezi mmoja baada ya mashambulizi ya Paris. Mwanzoni ilikuwa na Iraki, Syria, Iran na Sudan. Februari 2016 wakaongeza Somalia, Libya na Yemen. Korea Kaskazini ikaingia baadaye, na Cuba nayo, lakini kwa Cuba wanahesabu safari za kuanzia tarehe 12 Januari 2021. Haina mwisho wa muda. Usijidanganye kwamba baada ya miaka mitano inasahauliwa. Ukienda leo, ukiwa na miaka 70 bado umekwenda.

Haikukatazi kuingia Marekani. Inakunyang'anya ule mlango wa Esta tu, ukapange foleni ya viza kama zamani ulipokuwa na pasi ya nyumbani: fomu ndefu, dola 185, miadi ya mahojiano, kisha kusubiri. Watu wanaoambiwa hivi hushusha pumzi, "kumbe viza tu." Ndiyo, viza tu. Mimi viza yangu nilipoipata mtoto alikuwa anatambaa.

Turudi kwa mpwa wangu na "hapana" yake, kwa sababu kila familia ina mpwa wa namna hii. Watajuaje? Ulikata tiketi kwa jina lako. Orodha za abiria huzunguka baina ya mashirika na serikali. Ulipiga picha na mjomba ufukweni Lido ukaitia Facebook. Fomu yenyewe inakuuliza kama umewahi kuwa na pasi ya nchi nyingine, kwa hiyo ile ya Kenya wanaijua. Na ukishikwa na uongo, kosa lako si Somalia tena. Kosa lako ni kuidanganya serikali yao ili uingie, na adhabu yake ni kufungiwa Marekani maisha, labda upate msamaha maalumu, ambao huombwa kwa machozi na mawakili. Kwenda Mogadishu kulinigharimu miezi. Kusema "hapana" kungenigharimu mjukuu.

Mwingine atasema, mimi Esta yangu bado hai, nilikata kabla ya kwenda Somalia. Ndugu yangu, kanuni yao ni kwamba jibu la swali lolote likibadilika, kibali cha zamani hakikufai, unajaza upya. Usiende kaunta ya uwanja wa ndege kujaribu bahati na watoto nyuma yako.

Tena watoto! Hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni. Mtoto wa miezi sita aliyezaliwa Leicester ukimpeleka Mogadishu kwa bibi yake akasomewe dua, naye anahesabiwa. Miaka 15 baadaye shule inapeleka wanafunzi New York, wenzake wote wanajaza Esta kwa dakika kumi, yeye anahitaji viza na mahojiano, na wala hakumbuki kwamba aliwahi kufika Somalia. Kama bibi anaweza kuja Nairobi au Mombasa, aje.

Wala si Somalia peke yake. Ndugu zetu Mashia wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar walioko Uingereza huenda Karbala na Najaf kila mwaka, na wengi hawajui kwamba ziara ile imeshawatoa kwenye Esta, kwa kuwa Karbala iko Iraki. Erbil ya Wakurdi pia ni Iraki, hata kama wenyewe wana bendera yao. Hargeisa vilevile: Somaliland ina serikali yake na fedha yake, lakini kwenye kitabu cha Wamarekani bado imeandikwa Somalia. Juba lakini haimo. Sudan Kusini ni nchi nyingine na haipo kwenye orodha, nimeona watu wakijitia hofu bure.

Wanaosamehewa ni wanajeshi na watumishi wa kudumu wa serikali waliotumwa kikazi. Wafanyakazi wa misaada na waandishi wa habari wanaweza kufikiriwa, mmoja mmoja, lakini usikate tiketi kwa neno "wanaweza."

Nifanyeje basi, na lazima niende? Kama una mtoto, ndugu au biashara Marekani, omba viza yao ya matembezi mapema, usingoje mpaka mtu azae au afe. Viza ukiwa nayo, swali la Esta halikuhusu tena. Kwenye fomu ya viza watakuuliza nchi ulizozitembelea miaka mitano iliyopita, zitaje zote. Nenda na barua ya mirathi, hati ya kifo, chochote kinachoonyesha kwa nini ulikwenda. Afisa aliniuliza maswali manne, moja kuhusu nyumba ya babu, akaonekana kulipenda jibu.

Ya Somalia yenyewe ni mepesi. Zamani ulilipa dola 60 ukishuka Aden Adde, uwanja wa ndege wa Mogadishu; tangu tarehe 1 Septemba 2025 unatakiwa uombe viza ya mtandaoni kabla ya kupanda ndege, kwa tovuti ya serikali tu. Novemba mwaka huohuo ubalozi wa Marekani ulitangaza kwamba mfumo huo ulidukuliwa na taarifa za watu wasiopungua 35,000 huenda zimevuja, kwa hiyo usiweke humo zaidi ya kinachotakiwa. Hargeisa na jimbo la Puntland hawaitambui viza ya Mogadishu, ukienda huko uliza mwenyeji wako unalipa wapi, usije ukalipa mara mbili. Cheti cha homa ya manjano beba, hasa ukipitia Nairobi. Kuna jamaa wananiambia Somalia sasa ni Afrika Mashariki, viza ya nini? Imeingia Jumuiya kweli, tangu Machi 2024 ni mwanachama kamili. Lakini hata Kenya, ilipowaondolea Waafrika karibu wote kibali chake cha mtandaoni mwaka 2025, Somalia na Libya iliziacha nje kwa sababu za usalama. Jumuiya ni jina. Mpaka ni mpaka.

Mtego wa pili umejificha kwenye neno moja la Kiingereza la hapa. Serikali ya Uingereza haikukatazi kwenda Somalia. Inakushauri usiende. Sisi tumelelewa kwamba ushauri unaweza kuuchukua au kuuacha, na mzee akitaka kukukataza atakukataza. Mwingereza hakukatazi kitu. Atakwambia kwa upole "tunashauri", na kwa neno hilohilo bima yako ya safari inakufa, maana bima nyingi zimeandikwa kwamba ukienda kinyume na ushauri wa serikali hulipwi. Ukivunjika mguu Mogadishu, ndege ya wagonjwa ni mfukoni mwako. Bima za nchi za hatari zipo, ghali, na lazima jina la Somalia liandikwe kwenye karatasi. Soma mwenyewe, usimwachie wakala. Na ukiingia kwa pasi ya Kenya kama mimi, ukipata matatizo mlezi wako huko ni Kenya. Usitegemee Mwingereza akuitikie.

Mimi heri ukali wa Mmarekani. Amekuuliza swali, amekupa visanduku viwili, ndiyo au hapana. Mwingereza anakupa chai kwanza.

Chai hiyo nilipewa wakati wa kurudi. Kwenye uwanja mmoja wa ndege nikawekwa pembeni chini ya Sheria ya Ugaidi ya 2000, kile kifungu kinachompa askari wa mpakani nafasi ya kukuhoji bila hata kukushuku. Wanaweza kukukalisha mpaka saa sita. Hapo huna haki ya kunyamaza, na namba ya siri ya simu wakiitaka unatoa, kukataa ni kosa. Walikuwa na adabu sana. Waliniuliza nani alilipa tiketi, nani alinipokea, nilisali msikiti gani. Nilikasirika, kisha nikakumbuka nina maktaba nzima ya sauti za WhatsApp za mjomba kuhusu mgawanyo wa nyumba. Wakazisikilize, Mungu awape subira. Usibishane. Jibu kwa kifupi, omba wakili wakikuzuia, na siku ile usipange mtu akungoje na gari nje, atakungoja mpaka usiku.

Nimebakisha kukwambia kilichoniuma zaidi. Kazi ya Mogadishu haikuisha. Nilisaini karatasi moja kwenye chumba cha hoteli karibu na uwanja wa ndege, sikuiona Barawa, sikuliona hata kaburi la babu. Mwaka uliofuata mjomba akapiga tena: karatasi ina kasoro, rudi. Safari hii nikamwambia aje yeye Mombasa. Alinung'unika wiki mbili, akaja. Tukaenda kwa wakili, mama akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, akampa mjomba uwakili wa kisheria mbele ya mashahidi wawili, mihuri ikapigwa. Tuliingia saa tatu. Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa tayari tumeagiza biriani.