Somo: Kuunda besi ya mvule itakayostahimili hewa ya Mombasa

Asalaam aleikum, ndugu na dada zangu wa gita la besi. Tangu nipige na besi yangu mpya kwenye ile harusi ya Majengo, simu haijatulia. Mbao gani hiyo? Nani kakuchongea? Mbona sauti imeshiba vile? Nimeichonga mwenyewe, barazani kwa ami yangu seremala, Mji wa Kale, kwa muda wa miezi minne. Nitaeleza kazi ilivyokwenda, na pale nilipoharibu nitapataja ili mbao zenu zisiharibike palepale.

Jambo moja kabla ya kushika msumeno. Besi nyingi za dukani zimeundwa kwa hewa ya kwingine. Hapa kwetu upepo hubeba chumvi mwaka mzima, na mbao hunywa unyevu wakati wa masika kisha huutema kaskazi inapovuma. Besi yangu ya kwanza ilimalizwa na hewa hiyo kwa misimu miwili tu: skrubu za daraja (kile chuma cha kwenye kiwiliwili kinachoshika ncha za nyuzi) ziliganda kwa kutu, shingo ikapinda, vifundo vya sauti vikawa vinakwaruza kila nikivigusa. Hii ya sasa nimeijenga nikiiwaza bahari kwanza.

Hatua ya 1: Umbo

Nilifuata Precision, besi aliyoitoa Leo Fender huko Marekani mwaka 1951. Uzi wake, kutoka kizingiti (kile kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa) hadi kwenye daraja, una urefu wa milimita 864.

Sababu kubwa ya kuichagua ni pikapu yake, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba zinazonasa mtikisiko wa nyuzi. Tangu 1957 pikapu ya Precision imegawanywa vipande viwili, kimoja cha nyuzi za E na A, kingine cha D na G. Waya na sumaku za kipande kimoja zimegeuzwa kinyume na za mwenzake, kwa hiyo mngurumo wa stima unaoingia huku unafutwa na ule unaoingia kule. Stima ya Kenya ni ya 50 Hz. Shika uzi wa E, freti ya tatu (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukata shingo), upate G: hiyo ni 49 Hz. Mngurumo umekaa jirani kabisa na noti tunayoipiga usiku kucha, na huwezi kuukata kwenye ampu (kikuza sauti) bila kuikata besi yenyewe. Mpigaji ambaye leo yuko ukumbini na kesho yuko uwanjani kwenye jenereta anahitaji pikapu inayojisafisha yenyewe.

Hatua ya 2: Mbao

Hapa msiwe na pupa. Mbao mbichi ikichongwa leo, kufikia mwakani itakuwa imejikunja na shingo haitakaa sawa tena. Mimi nilibahatika: samadari la nyanya lilikuwa limevunjika miguu, na mifumbati yake ya mvule imekaa nyumbani tangu kabla sijazaliwa. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba ya Mombasa miaka yote hiyo imekwisha kuizoea hewa hii. Msiidharau milango mibovu, boriti za nyumba zinazobomolewa na meza za zamani. Niliunganisha vipande vitatu kwa gundi ya mbao nikapata ubao wa upana wa sentimita 34, urefu wa sentimita 52 na unene wa milimita 45. Mvule una mafuta kidogo, kwa hiyo panguseni kingo kwa tina na kuziacha zikauke kabla ya kupaka gundi, kisha kazeni kwa klampu hadi kesho yake.

Mvule huweza kuficha mawe. Ni chokaa ngumu iliyojijenga ndani ya mti, na randa ikigonga hapo, meno yake yamekwisha. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na kubana kifua. Nilifanya kazi siku mbili bila kufunika pua na nikakohoa wiki nzima. Vaeni barakoa nzuri, na watoto wasikae karibu.

Hatua ya 3: Shingo

Nunueni. Shingo ina chuma cha kurekebisha mpindo ndani yake, ina freti zinazotaka kukaa sawa kwa sehemu ndogo za milimita, na inabeba mvuto wa nyuzi nne unaozidi kilo 70. Kwa besi ya kwanza, jifunzeni kiwiliwili. Shingo ikifika, pimeni kutoka kizingiti hadi katikati ya freti ya 12. Lazima iwe milimita 432, nusu kamili ya urefu wa uzi. Kisha iacheni ndani ya nyumba wiki mbili ipate kuzoea kabla ya kuifunga.

Hatua ya 4: Mstari wa katikati

Kama mtasoma hatua moja tu, someni hii, kwa kuwa ndiyo iliyonipotezea kiwiliwili cha kwanza. Nilichora mstari katikati ya ubao, nikapima, nikatoboa matundu ya daraja, halafu ndipo nikafunga shingo. Shingo ilikaa upande kwa unene wa kadi ya simu tu. Lakini upotovu mdogo pale shingo inapoanzia unakua kadiri uzi unavyokwenda mbali, na uzi wa G ukawa unaning'inia ukingoni mwa freti. Kila nikiuvuta unateleza nje. Ubao ule sasa ni kigoda cha ami.

Utaratibu ulio salama ni huu. Chimbeni kwanza nafasi ya shingo, mfunge shingo kwa skrubu zake nne, na daraja liwe bado halina tundu hata moja. Chukueni uzi wa cherehani, mfunge mmoja kwenye funguo ya E na mwingine kwenye funguo ya G, mvipitishe kwenye kizingiti hadi chini ya kiwiliwili na kuvikaza. Sogezeni daraja kushoto na kulia hadi nafasi kati ya kila uzi na ukingo wa shingo iwe sawa pande zote mbili kwenye freti ya mwisho. Hapo ndipo katikati ya kweli, hata kama mstari wa penseli unasema vingine.

Sasa urefu. Kitandiko cha G (kile kipande kidogo cha daraja kinachobeba uzi) kisogezwe mbele karibu na mwisho wake, kisha daraja liwekwe ili kitandiko hicho kiwe milimita 864 kutoka kizingiti. Vitandiko vingine vitarudi nyuma kidogo kidogo, na cha E kitarudi zaidi kwa kuwa uzi wake ni mnene. Pimeni mara tatu, mlale, mpime tena asubuhi. Ndipo mtoboe.

Hatua ya 5: Kuchimba

Sina ruta, ile mashine ya kuchimbia mbao. Nilitengeneza vigezo vya plaiwudi, nikatoboa matundu mengi kwa drili nikiwa nimefunga utepe kwenye biti kuonyesha kina, kisha nikasafisha kwa patasi kali. Nafasi ya shingo ina kina cha milimita 16 hivi, lakini pimeni kwenye shingo yenu. Iingie kwa kusukumwa na kiganja, isicheze. Ikicheza, sauti ya chini hupotea.

Hatua ya 6: Vanishi

Pakeni wakati wa kaskazi. Ikiwa ni Mei na mvua inapiga bati, subirini, kwa kuwa vanishi ikinasa unyevu hupata ukungu mweupe usiotoka. Msasa hadi namba 320, tabaka nne nyembamba, na msisahau ndani ya matundu yote mliyochimba. Huko ndiko unyevu hujipenyeza, na huko ndiko wengi hawapaki.

Hatua ya 7: Umeme

Vifundo viwili vya 250k, kimoja cha sauti na kimoja cha toni, kapasita ya 0.047 µF (kwenye kapasita ndogo huandikwa 473), na tundu la jeki. Tandikeni utepe wa shaba ndani ya chumba cha umeme, vipande vyote vigusane na viunganishwe na waya wa ardhi. Kisha toboeni njia nyembamba hadi chini ya daraja na mpitishe waya utakaobanwa na daraja hilo. Bila waya huo besi huendelea kunguruma hata mkizishika nyuzi. Vifundo vikiwa vya aina iliyofunikwa nyuma, chumvi huchelewa kuingia.

Hatua ya 8: Kurekebisha

Tuni besi kwanza. Bonyezeni uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha mtazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba au ya nane. Iwe kama milimita 0.3, unene wa karatasi tatu za kawaida. Ikizidi, kazeni chuma cha shingo robo mzunguko, mwache hadi kesho, mpime tena. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 17 kiwe milimita 2.4 upande wa E na 2.0 upande wa G. Mwisho, linganisheni sauti ya freti ya 12 mkiibonyeza na sauti ya kengele ya papo hapo, ile inayotoka mkiugusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisheni kitandiko nyuma, mbali na shingo.

Siku nilipoiunganisha kwenye ampu nilianza na chakacha, mwendo wa polepole, na nilipogusa E wazi dirisha la ami likatikisika. Nililia kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Likoni: Kaka, mimi mwembamba na hupiga saa tano mfululizo. Mvule si mzito?

Ni mzito, dada yangu. Mvule una kilo kama 650 kwa mita ya ujazo, na kiwiliwili changu peke yake ni karibu kilo tatu. Ukiwa na mbao nyepesi iliyokauka vizuri, itumie. Au chimba vyumba viwili vitupu ndani, kimoja kila upande wa mstari wa katikati, kisha ufunike kwa ubao mwembamba. Katikati pabaki pagumu, kutoka shingo hadi daraja. Nunua pia mkanda mpana wa ngozi. Bega litakushukuru kuliko mbao yoyote.

Kijana wa Kisauni: Mwalimu, vipi nikiunda kiwiliwili chote kwa mpingo?

Usifanye hivyo, mwanangu. Mpingo una kilo 1,200 hivi kwa mita ya ujazo, utabeba karibu kilo tano na nusu kabla hujafunga hata skrubu moja. Mahali pake ni uso wa shingo, pale vidole vinapogusa: mgumu, laini, hauliwi na nyuzi. Hakikisha muuzaji ana karatasi zake. Tangu Januari 2017 mpingo na jamii yake yote umo kwenye Orodha ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa mwaka 2019, lakini mbao ghafi ikivuka mpaka inahitaji kibali.

Mzee mmoja wa taarabu, Makadara: Vijana, mimi nimezoea dubasi, ile besi kubwa ya kusimama isiyo na freti. Hizi freti zenu zinaninyima rasti na bayati, zile maqamu za Kiarabu. Dawa ni nini?

Shikamoo, mzee wangu. Umesema kweli kabisa, sauti zile hukaa kati ya freti mbili na hakuna kifundo kitakachozileta. Ng'oa freti kwa koleo huku ukizipasha moto kwa pasi ya kulehemu, jaza mifereji kwa vipande vyembamba vya mbao, piga msasa. Ili nyuzi zisiule uso wa shingo, paka epoksi ya mashua. Mpigaji besi Jaco Pastorius wa Marekani alipaka epoksi ya majini kwenye Jazz Bass yake ya 1962 isiyo na freti, besi nyingine ya Fender, na mafundi wa mashua tunao hapa hapa. Nakuomba, mzee, ukimaliza utuite tuje kusikiliza. Besi ya taarabu isiyo na freti mikononi mwa aliyepiga dubasi ni kitu nitakachovuka Nyali usiku kukisikia.

Mpigaji wa Changamwe: Nikiimba huku nashika besi, maikrofoni inanipiga shoti mdomoni. Nikate ule waya wa daraja?

Usiukate, ndugu, na usiimbe tena hadi ujue tatizo liko wapi. Nyuzi zako zimeunganishwa na ardhi ya ampu, na maikrofoni ina ardhi ya mixa. Vikitofautiana, umeme unapita kwako, na 240 V huua. Chomekeni ampu na mixa kwenye chanzo kimoja chenye waya wa ardhi, na mtu asing'oe pini ya tatu ya plagi eti kupunguza mngurumo. Kwenye jenereta, mwiteni fundi wa umeme aifunge ardhini kabla ya wageni kufika. Gusa maikrofoni kwa testa kabla ya midomo, kila mahali, kila mara.

Dada wa Bamburi: Nakaa karibu na ufuo. Nyuzi mpya zinashika kutu kwa mwezi. Kuna namna?

Ipo, dada. Weka nyuzi za chuma kisichoshika kutu, zilizozungushwa waya bapa. Hazina mifereji ya kukusanya jasho na chumvi, na sauti yake nzito inakaa vizuri chini ya udi na fidla. James Jamerson, mpigaji besi wa kampuni ya rekodi ya Motown huko Marekani, alipiga na nyuzi bapa na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Ukimaliza kupiga, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, pamoja na daraja. Usiitundike ukutani dirisha likiwa wazi upande wa bahari. Ilaze kwenye kasha lake na vifuko viwili vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe masika yakianza.