Mazoezi ya kiharusi nyumbani: namna ya kuitumia simu ili mgonjwa asiache njiani

Ninafanya fiziotherapia hapa Lamu. Wagonjwa wengi hutoka kliniki wakiwa wameyajua mazoezi yao vizuri; shida huanza wakifika nyumbani. Ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia, na marudio ya kliniki peke yake hayatoshi. Nakuandikia wewe unayeishi na mgonjwa na una simu yenye kamera.

1. Muulize anataka nini. Anataka kushuka ngazi akakae dakani na wenzake? Kuswali msikitini? Kukalia mbuzi akune nazi mwenyewe? Rekodi jibu kwa sauti yake. Kisha mweleze kila zoezi linampeleka vipi huko: kukaa na kuinuka kitini ndiko kunakoipa miguu nguvu ya ngazi.

2. Jua kinachomzuia kabla ya kumlaumu. Mwaka 2011 Susan Michie na wenzake, watafiti wa Uingereza, walieleza kwamba mtu hutenda jambo pale uwezo, fursa na msukumo vinapokutana. Kwa hiyo ukisikia "Bibi hataki," chunguza. Pengine amesahau zoezi linavyofanywa. Pengine kiti ni kifupi mno, au ukumbi una wageni kutwa. Uchovu na sonona huwapata wengi baada ya kiharusi, navyo ni ugonjwa, si uvivu. Hayo mpelekee daktari. Hakuna kengele ya simu inayoyaponya.

3. Funga zoezi kwenye jambo analolifanya kila siku. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mpango unaotaja lini, wapi na vipi hutekelezwa kuliko nia tupu. Hapa kwetu adhana husikika kila mtaa, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati zake hazisogei sana mwaka mzima. Basi aseme mwenyewe: "Nikishaswali alasiri, nitakaa kiti cha ukumbini na kuinuka mara tano." Kengele ya simu iwe ya akiba tu. Ikilia mara nyingi mno, watu huizima bila hata kuitazama.

4. Mrekodi yeye mwenyewe, mbele ya mtaalamu, akifanya zoezi sawasawa. Nusu dakika yatosha. Mwili mzima uonekane. Video za mitandaoni sizipendi kwa kazi hii, maana anayeonyesha ni kijana mzima wa afya. Omba ruhusa kwanza. Mama wa watu hatapenda picha yake izunguke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ibaki kwenye simu yake, na ikitumwa, imfikie mtaalamu peke yake.

5. Uacheni mkono ulio dhaifu ufanye kazi. Hapa ndipo familia zetu hukwama, na hukwama kwa mapenzi. Mjukuu anamlisha, binti anamvisha, jirani anamfunga kanga. Mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani alionyesha kwamba mtu huweza kujifunza kutoutumia mkono hata pale nguvu zinapoanza kurudi. Kila unapomfanyia anachoweza kukijaribu, unamsaidia kuusahau mkono huo.

Kubalianeni naye kazi mbili ambazo hamtamfanyia. Kushika kikombe kwa mikono miwili, kwa mfano. Kiwe cha plastiki na chai iwe vuguvugu. Kukunja kanga. Kisha kaeni msubiri, hata akichukua muda mrefu, hata mgeni akiwatazama vibaya. Ikiwa mkono hausogei kabisa, uwekwe mezani auone, na ule mkono wenye nguvu uuongoze. Msimwinue kamwe kwa kuuvuta mkono uliopooza. Bega lake huumia upesi.

6. Andika kilichofanyika. Programu za kuhesabu hatua hukosea kwa mtu atembeaye polepole akiburuta mguu. Hesabu kwa milango: leo alifika kwa jirani, juzi aliishia kizingitini. Tembeeni saa ambazo punda wa mizigo ni wachache, nawe uwe upande wake dhaifu. Jioni mtumie mtaalamu ujumbe wa sauti: zoezi lipi, mara ngapi, lipi limemshinda. Ukimsifu, taja jambo lenyewe: "Leo umeinuka bila kushika meza."

7. Akikosa siku, endeleeni kesho yake. Utafiti wa Phillippa Lally wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta mazoea hujengeka kwa wastani wa siku 66, wengine 18, wengine hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Wale hawakuwa wagonjwa wa kiharusi, kwa hiyo mpe wako muda zaidi.

8. Jua wakati wa kusimama. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika: acheni na mtafute msaada. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea upya au maneno yakivurugika, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kwa walio nje ya mji wa Lamu, kama Shela, Matondoni au Pate, namba ya mwenye boti ihifadhiwe leo kwenye simu ya kila mtu nyumbani.