Kuandika mkao wa balei kwa alama za Benesh

Joan Benesh, mchezaji wa balei, na mumewe Rudolf, mhasibu, waliutoa mfumo huu Uingereza katika miaka ya 1950. Chukua karatasi ya muziki yenye mistari mitano. Kutoka juu: utosi, mabega, kiuno, magoti, sakafu. Usichore mwili, weka alama pale tu kiganja au wayo ulipo. Kistari cha kulala ni kiungo kilicho usawa mmoja na mwili, cha kusimama ni kilicho mbele yake, nukta ni kilicho nyuma yake.

Wengi hugeuza pande kwa kuchora kama watazamaji ukumbini. Mchezaji huonwa kutoka mgongoni (uamuzi wa busara sana), hivyo kulia kwa karatasi ni kulia kwake. Magoti yakikunjwa, yanahitaji alama zake.