Kuku hahitaji jogoo ili atage

Jirani yangu hapa Mikanjuni, Tanga, juzi kaazima jogoo wa watu, eti kuku wake watatu waanze kutaga. Jamani! Mtetea akikomaa na akashiba anataga tu, jogoo awepo asiwepo. Jogoo ni wa vifaranga; bila yeye, hata mayai yakiatamiwa siku 21 utaambulia mayai viza.

Na lile doa la damu kwenye kiini si kifaranga kilichoanza. Ni kamshipa kalikopasuka yai likiwa bado linaundwa. Mimi nalitoa kwa ncha ya kijiko, nakaanga.

Kiini kupauka nako kunatokana na chakula. Wangu wakila pumba tupu kinakuwa cheupecheupe. Nikiwatupia mchicha kila siku, baada ya wiki mbili hivi kinakolea.

Una shaka na yai? Litumbukize kwenye bakuli la maji. Jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, na linaloelea limezeeka, hewa imejaa ndani. Hilo lipasulie kwanza kwenye kikombe, ulinuse, kabla hujalimwagia chipsi zako.