Kuwanyima bakteria pa kushika: kupaka vipande vya katheta maabarani

Mpira wa mkojo (katheta) ukikaa mwilini siku kadhaa, bakteria huushika na kujijengea utando ambao antibiotiki hazifui dafu mbele yake. Wengi hukimbilia kupaka madini ya fedha ili yaue. Mimi nashauri tuanze kwa kuwanyima pa kushika, kwa sababu mizoga ya waliokufa hubaki juu ya plastiki na wageni wakajishikiza hapo hapo. Hili ni zoezi la maabara ya kufundishia. Kipande utakachopaka hakimwendei mgonjwa.

1. Safisha. Kata mpira wa silikoni vipande vya sentimita 1. Osha kwa sabuni ya maabara, kisha isopropanoli, mwisho maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba ya hapa Unguja usiyamalizie: yametoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, nayo huacha madoa yatakayokudanganya baadaye.

2. Paka gundi. Kome hung'ang'ania mwamba kwa protini zenye kemikali ya ukoo mmoja na dopamini, ile ya ubongoni, na mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa dopamini yenyewe hushika karibu kila kitu. Tengeneza bafa ya Tris (maji yanayoshikilia pH isiyumbe), milimola 10 kwa lita, pH 8.5. Tia dopamini haidrokloraidi miligramu 2 kwa kila mililita, tumbukiza vipande papo hapo, uache saa 24. Chombo kisizibwe, oksijeni inahitajika. Vining'inize, vikilala, chembe nyeusi zitavitulia. Maji yatageuka kahawia, kisha meusi. Yasipogeuka, pima pH upya.

3. Funika gundi. Usiishie hapo, maana gundi tupu inaweza kuwakaribisha hao hao unaowakimbia. Suuza, kisha loweka usiku kucha kwenye polietilini glaikoli yenye ncha ya amini, miligramu 5 kwa mililita ya bafa ile ile, nyuzi 50. Ncha hiyo hushika gundi, minyororo yake hukamata maji, na bakteria akija hukuta maji badala ya plastiki.

4. Tonesha maji. Piga picha kwa simu kutoka ubavuni. Kwenye silikoni tupu tone husimama. Kwenye kipande kilichopakwa hulala, ishara kwamba kipako kimeshika.

5. Jaribu. Andaa makundi matatu: tupu, gundi peke yake, na vilivyokamilika. Viweke kwenye supu yenye *Staphylococcus epidermidis*, bakteria wa ngozini, ndani ya inkubeta (kabati la joto), nyuzi 37, saa 24. Umeme ukikatika usifungue inkubeta.

Kisha suuza kuwaondoa bakteria wasioshika. Kusuuza huku ndiko kunakoharibu majibu ya wengi. Ukisuuza kimoja kwa nguvu na kingine kwa huruma, utakuwa umepima mkono wako. Tumia ujazo uleule, idadi ileile, na umimine ukutani mwa chombo, si juu ya kipande.

Paka kristali vayoleti ya asilimia 0.1 kwa dakika 15. Ni ile ile rangi ya GV wanayopakwa watoto mdomoni. Suuza, yeyusha rangi kwa asidi asetiki ya asilimia 30, kisha pima wingi wa rangi kwa spektrofotomita (kipimo cha mwanga) kwenye nanomita 590: rangi nyingi, bakteria wengi. Kipande kisichowekwa bakteria nacho kisomwe, na kipimo chake ukiondoe kwenye vipimo vya vingine, kwani silikoni nayo hunywa rangi.

Matokeo yakiwa mazuri, rudia kwenye mkojo bandia kwa siku saba. Hapo ndipo vipako vingi hushindwa.